Dada anataka nitume hela ya tiketi kwa shirika la ndege linaloyumba, nifanyeje?

Shangazi shikamoo.

Natumaini wewe mzima na watu wa Tabora wote hawajambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, naishi Gungu na mama yangu pamoja na watoto wangu. Nina jambo linanikosesha usingizi na huku nyumbani sina wa kumuuliza maana kila mtu ameshafurahia safari.

Dada yangu mkubwa ameolewa Uingereza, wanakaa Manchester na shemeji na watoto wao. Kila mwaka mwezi wa pili shule za kule zikifunga wiki moja huwa wanaenda Ufaransa kuteleza kwenye theluji, huko kwenye milima ya Alps, kijiji kinaitwa Morzine. Safari hii wamesema na sisi twende, mimi na mama. Mama habari ya kuteleza hana, yeye anataka kuwaona wajukuu ambao siku zote anawaona kwenye video koli tu, na ameshawaambia wanakwaya wenzake wote pale kanisani, yani hata nikisema tuahirishe sijui nitaanzia wapi.

Mpango wa dada uko hivi, tutoke Kigoma mpaka Dar, Dar tupande ndege kubwa mpaka Manchester, hiyo shemeji amesema atalipa yeye ila bado hajakata. Tukae Manchester siku chache halafu wote kwa pamoja tupande ndege ya bei rahisi kwenda Geneva ambako ndo uwanja wa karibu na hiyo milima, wiki ikiisha turudi na ndege hiyohiyo Manchester ndo tugeuze kuja nyumbani. Sisi tunachotakiwa kuchangia ni hiyo ya Manchester na Geneva, kwenda na kurudi, yangu na ya mama. Kanitumia skrinshoti, kweli bei ni karibu nusu ya mashirika mengine.

Shida ni kwamba mtoto wa mama mdogo anafanya kazi uwanja wa ndege Dar, nilivyomtajia jina la shirika akashtuka. Anasema linasemwa sana kwenye habari kwamba lina madeni, ndege zake zingine zimechukuliwa na waliolikodisha, na sa hivi linatafuta mtu wa kulinunua. Nilivyomwambia dada akakasirika, anasema maneno hayo yapo kila mwaka na wao wamelipanda halijawahi kuwaangusha, na kwamba mimi naanza kutafuta sababu. Shemeji yeye anasema hata wakifilisika serikali ya Uingereza itawarudisha watu bure kama ilivyofanya kampuni ya likizo ya Thomas Cook ilipokufa. Ofa inaisha Ijumaa. Viza wanasema tutashughulikia tukishakuwa na tiketi mkononi.

Na hela yenyewe Shangazi ni ya kikoba, nimekopa, natakiwa kurudisha na riba. Dada anataka nimtumie kwa simu yeye alipie kwa kadi yake ya benki.

Nitume au nisitume? Na ikitokea shirika limekufa tukiwa kule kwenye theluji mimi na mama, nyumbani tunarudije? Na nimwambieje dada bila kuonekana namdharau, maana yeye ndo alinisomesha.

Mwalimu, Gungu, Kigoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, huku Tabora wazima. Nakupa jibu kwanza halafu ndo nieleze: hela ya kikoba usitume, lakini safari msiifute, mama aende akaone wajukuu wake. Kinachotakiwa kubadilika ni njia.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye dawati la tiketi hapa mjini, na watu wengi wanaokuja wanauliza bei tu, hawaulizi hiyo tiketi ikivunjika itavunja na nini kingine. Kwenye safari yenu swali hilo la pili ndo zito.

Nianze kwa kumtetea dada kidogo. Bei rahisi peke yake sio dalili ya ugonjwa. Ryanair na easyJet wanauza tiketi chee miaka nenda rudi na wako imara, kwahiyo dada anaposema wamesafiri kwa bei ndogo bila shida anasema kweli. Ila alichokuambia huyo ndugu yako wa uwanja wa ndege ni kitu kingine kabisa. Ndege kuchukuliwa na wenyewe waliokodisha, hapo mimi nasimama. Mashirika mengi hayamiliki ndege, yanakodi, na mwenye ndege haji kuichukua mpaka awe amedai kodi akachoka. Shirika likifika hapo halafu bado linauza tiketi za miezi ijayo kwa nusu bei, jua linatafuta hela ya kuvukia wiki hii.

Na wakati wenyewe ni mbaya. Mashirika ya Ulaya yanavuna kipindi cha joto, mwezi wa 6 mpaka wa 9, watu wanaenda baharini. Baada ya hapo abiria wanapungua lakini kodi ya ndege ipo palepale na mishahara ipo palepale. Hela unayolipa leo kwa safari ya Februari ndo inanunua mafuta ya ndege inayoruka leo. Halafu kampuni zinazopitisha malipo ya kadi zikishaingiwa na wasiwasi zinaanza kuishikilia hela ya abiria mpaka safari ifanyike kweli, sasa shirika lililokuwa linaishi kwa hela hiyo linakauka ghafla, jioni linauza tiketi asubuhi limefungwa. Ndo maana ukitazama tarehe za vifo vyao nyingi zinaangukia kuanzia mwisho wa kiangazi mpaka mwisho wa baridi: Monarch ya Uingereza 2 Oktoba 2017, Air Berlin mwishoni mwa mwezi huohuo, Niki ya Austria 13 Desemba 2017, Germania ya Ujerumani usiku wa kuamkia 5 Februari 2019, Flybe ya Uingereza 5 Machi 2020, tena hiyo Flybe ilifufuliwa ikafa mara ya pili 28 Januari 2023. Juzijuzi tu Play ya Iceland, 29 Septemba 2025. Hebu angalia Niki, shirika la nchi ya theluji kabisa, limekufa msimu wa kuteleza ndo unaanza. Na sisi hapa nyumbani tunaikumbuka Fastjet ilivyosimama Desemba 2018, watu wameshapanga kwenda kwao Krismasi.

Sasa la shemeji kuhusu serikali kuwarudisha watu. Amesema kweli nusu. Monarch ilipokufa waliwarudisha watu kama 85,000, na Thomas Cook ilipoanguka 23 Septemba 2019 wakarudisha zaidi ya laki moja, walikodi ndege huku na huku, wala hawakuchagua nani ana kinga nani hana. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa serikali kwa matukio yale, sio haki ya kila abiria. Flybe ilipokufa 2020 watu waliambiwa msiende uwanjani, kila mtu ajitafutie usafiri wake. Germania ilipokufa, waliokuwa wamenunua kifurushi cha likizo walisaidiwa na kampuni iliyowauzia, ila aliyenunua tiketi tupu aliambiwa hakuna ndege mbadala. Na nyie mnachotaka kununua ni tiketi tupu. Halafu hata wakiwarudisha, wanawarudisha Uingereza, na kwenu ni Kigoma.

Nikueleze mnyororo wenu ulivyo maana hapa ndo roho ya jambo. Mko Morzine, shirika limekufa Alhamisi, Jumamosi mlitakiwa kurudi Manchester na Jumatatu mpande ndege kubwa kuja Dar. Ndege kubwa haijui habari za ile ndogo, kwao nyie ni abiria ambao hawakutokea, na tiketi ya bei ya kawaida ukikosa kutokea bila taarifa mara nyingi imekwenda na maji. Jumamosi ya likizo za shule kila mtu anatafuta kiti cha kutoka Geneva, maana nyumba za kule kwenye theluji zinapangishwa Jumamosi kwa Jumamosi, wanaotoka na wanaoingia wote wako uwanjani siku moja. Bei ya kiti kilichobaki siku kama hiyo mshahara wa mwalimu hauigusi. Kwahiyo usipige hesabu ya hela ya tiketi ndogo peke yake, piga na ile kubwa ambayo itakufa pamoja nayo.

Kitu kidogo cha kukusaidia siku zote: kila tiketi ina namba ya nafasi, herufi na tarakimu sita, ofisini tunaita PNR. Mtu akikuambia nimekukatia Dar mpaka sehemu fulani, muombe hiyo namba uingie mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uione safari yako. Ukikuta safari nzima iko chini ya namba moja na tiketi moja, basi ndege ya kwanza ikichelewa wao ndo wanahangaika na wewe mpaka ufike. Ukikuta namba mbili za mashirika mawili yasiyojuana, hiyo ni mikataba miwili, na katikati ya mikataba hiyo upo wewe na mabegi yako.

Halafu kuna kitu dada na shemeji hawakukifikiria kwasababu wao pasipoti zao haziwasumbui. Pasipoti ya Tanzania, njia hiyo inataka viza mbili. Ya Uingereza ya kuingia Manchester, na ya Schengen, yani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, ya kuingia Geneva na Ufaransa. Mafaili mawili, ada mbili, alama za vidole mara mbili, na nyie mnatoka Kigoma kwenda Dar kwa kila moja. Ya Schengen peke yake ada ni euro 90 kwa mtu mzima, ukinyimwa hairudi. Na mambo ya kusema tununue tiketi kwanza viza baadaye hapana kabisa. Kwa Schengen wanachohitaji ni kuona mpango wa safari na nafasi iliyoshikwa, hawakulazimishi uwe umeshalipa. Ukilipa tiketi isiyorudishwa hela halafu viza ikakataliwa, shirika liwe hai au limekufa hela imekwenda.

Njia yangu ni hii. Shemeji ameshasema atalipa Dar mpaka Manchester na bado hajakata. Hela hiyohiyo akate Dar mpaka Geneva, moja kwa moja kwenye tiketi moja. Kutoka Dar kuna Ethiopian, Turkish, Qatar, Emirates, KLM, wote hao wanafika Geneva, mnabadilisha ndege mara moja njiani, begi la mama linaandikwa Geneva tangu Dar (pale kaunta mtazame karatasi inayofungwa kwenye mkono wa begi, herufi kubwa za mwisho ziwe GVA). Dada na familia yake watoke kwao Manchester na ndege wanayoipenda, mkutane kulekule. Viza inakuwa moja tu, mnaomba Ufaransa kwasababu ndo mnakolala, na kushuka Geneva hakuna tatizo maana Uswisi nayo iko Schengen. Ile ndege ndogo mimi na wewe tumeshaachana nayo, na mkopo wa kikoba unaupunguza, unabaki na wa viza, bima, na nauli ya Kigoma na Dar.

Najua mama atapenda aione na nyumba ya mwanae Manchester. Ni kweli hicho mnakikosa. Lakini wajukuu watakuwa Morzine wiki nzima hawaendi shule, na Manchester inaweza kuwa safari yake yenyewe siku nyingine.

Dada naye muonye kwa upole kuhusu upande wake. Kama bado wanataka lile shirika, wasinunue tiketi tupu, watafute kampuni ya likizo yenye leseni ya ATOL (kinga ya Uingereza kwa wanunuzi wa likizo za ndege) inayouza ndege na malazi pamoja, hapo shirika likifa kampuni inatakiwa kuwarudisha au kuwarudishia hela, na cheti cha ATOL wanapewa palepale wakilipa. Na walipe kwa kredit kadi, sio kadi ya kawaida ya benki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 inaibana benki iliyotoa kredit kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000. Kadi ya kawaida nayo unaweza kuomba benki ivute hela irudi, ila hiyo ni taratibu ya kampuni za kadi, sio sheria. Tena tiketi chee inaweza isifike hata hizo pauni 100, yani pale bei inapokuvutia zaidi ndo kinga inakukimbia. Na hela ikirudi inarudi kwa mwenye kadi, kwahiyo ungetuma wewe kwa simu, benki isingekujua hata kwa jina.

Fidia ya ndege iliyofutwa ambayo watu wanapenda kuitaja, euro 250 kwa safari fupi kwa sheria ya Ulaya, ni nzuri shirika likiwa hai. Likishafilisika unapanga foleni na wadai wengine, na mbele yako wapo wenye ndege, mabenki na wafanyakazi.

Bima. Ya Schengen inatakiwa ifike angalau euro 30,000 na hiyo ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani ukiumwa, haihusiki na shirika kufa. Zipo bima zenye kipengele cha shirika kufilisika, ila nyingi hazilipi kama habari za kuyumba zilishajulikana kabla hujanunua, na hizi mpaka Dar zimefika. Kitu kingine, ukitaka hata kujaribu kuteleza na watoto, uliza bima inasemaje kuhusu michezo ya theluji, maana nyingi za bei ya chini zinaitoa, na kushushwa mlimani umevunjika mguu ni bili kubwa. Mama hatelezi lakini barabara za kule zina barafu, mnunulie viatu vyenye soli ya kushika huko huko, au dada amwazime.

Umeuliza mtarudije kama mabaya yakitokea. Kwa njia niliyokupa tiketi yenu ya kurudi inaanzia Geneva na haitegemei shirika la dada. Na hata likitokea lolote mkakwama, msisubiri viza iishe ndo mseme. Nendeni kwa mamlaka za pale kabla ya tarehe, sheria ya Schengen inaruhusu kuongezewa siku bure mtu akizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, beba ushahidi wa ndege kufutwa.

Kipande cha Kigoma na Dar nacho ni mkataba wake peke yake, usikisahau. Februari ni mvua, ndege inaweza isitue, treni inaweza kuchelewa. Fikeni Dar angalau siku mbili kabla, kama mna ndugu Gongo la Mboto laleni kwake, uwanja uko karibu.

Sasa dada. Amekusomesha, na kukasirika kwake nakusoma kama mtu anayeona zawadi yake inakataliwa. Usimpelekee habari za madeni ya shirika tena, ameshazisikia na zinamfanya ajitetee. Mpelekee habari ya viza mbili, hiyo haina lawama kwa mtu. Mpigie, usiandike, na umpigie wakati shemeji yupo. Sema hivi kwa maneno yako: "Dada, nimeulizia, kumbe kwa pasipoti zetu kupitia Manchester tunahitaji viza mbili na mama atachoka na safari za Dar. Naomba shemeji ile tiketi aliyotuahidi aikate Dar mpaka Geneva kwa pamoja, tuwakute kule. Hela niliyokuwa nichangie nalipia viza na bima ya mama." Hapo umeomba kitu kilekile alichokwisha kukubali kukupa. Akisema ofa inaisha Ijumaa, iache iishe, nyie hamko tena kwenye hiyo ofa.

Akikubali, tiketi ikatwe viza zikishatoka, na kabla shemeji hajalipa akutumie majina alivyoyaandika uyalinganishe na pasipoti herufi kwa herufi, hasa la mama. Wazee wetu wengi kitambulisho kinasema hivi pasipoti inasema vile, na kurekebisha jina kwenye tiketi iliyoshalipiwa ni hela nyingine. Nisalimie sana mama.